Lori la Manjano la Kimanzi

Doha, 7 Februari 2025

Shemeji Dinah,

Barua yako ilifika. Mimi nipo, ni mgongo tu unaolalamika. Tunapanga mawe kando ya barabara tangu asubuhi hadi jua lizame, na simu zenye kamera haziruhusiwi kazini, ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu kama tulivyofundishwa kule Chawia kabla sijaacha shule. Siku ya Ijumaa nikipiga kwa hiki kisimu changu cha kubonyeza, unaniambia Morris amelala. Shemeji, mtu hawezi kulala kila Ijumaa. Najua kaka yangu hataki kuongea nami. Sikulaumu wewe.

Sasa nina jambo. Nyuma ya maduka tunakonunua unga kuna kiwanja cha udongo. Kila Ijumaa jioni watu huja hapo na malori madogo ya betri, urefu wake kama kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole, na wanashindana. Si mambo ya watoto. Msimamizi wetu, Mfilipino anayeitwa Rey, nywele zote zimekuwa nyeupe, na akiishika ile rimoti hanyanyui macho hata ukimwita. Nilianza kwenda kutazama tu. Siku moja lori lake likapinduka kwenye kona niliposimama, akaniambia, "Wewe, lisimamishe." Nikaliinua, likaondoka. Tangu hapo hiyo ndiyo kazi yangu ya Ijumaa. Mwenye lori huwa mbali, hawezi kulifikia, kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kona.

Shemeji, ile rimoti haihitaji miguu. Kidole kimoja kinavuta mafuta na breki, mkono wa pili unazungusha usukani mdogo. Nilipofahamu hilo nilitoka pale nikaenda kusimama peke yangu. Mtu aliyeendesha lori kutoka Mombasa hadi Malaba, hata kama ile ajali ya Oktoba imemnyima miguu, hawezi kumalizia maisha yake chumba cha nyuma akitazama ukuta.

Nataka kuwanunulia vifaa vya kuanzia, vya watu wawili. Vya Morris na vya Kimanzi, kwa sababu lori moja halishindani. Na Kimanzi ndiye tanboi wake, utingo wa lori lake. Amemwekea mawe nyuma ya magurudumu miaka yote hiyo, amemwamsha akisinzia. Tuliketi dawati moja mimi naye, tukaacha shule muhula mmoja, namjua. Atamtoa Morris humo ndani hata kama ni kwa matusi.

Mlisema ajali ilimwacha na michubuko tu, na sasa yuko na lori la Juba. Simu yake haijapatikana tangu wakati ule. Huko Juba hakuna mtandao hata kidogo? Mwambie nimekasirika. Kisha mwambie sijakasirika.

Ni mimi,
Lewis


Voi, 24 Februari 2025

Koki dada yangu,

Barua hii nampa dereva wa lori la ndizi anayerudi Bomeni. Natumaini kazi ya shamba kwa kaka yako Nzau haijakuvunja.

Lewis ameandika tena. Anataka kumnunulia Morris lori dogo la betri la kushindana, na lingine la marehemu mume wako, ili wacheze pamoja hapa nyuma ya nyumba. Niliisoma jikoni hadi maharagwe yakaungua.

Unakumbuka tulivyokubaliana siku ya mazishi. Mama mkwe alisema mtoto aliye ugenini haambiwi kifo. Ataambiwa akishafika nyumbani, ameweka mizigo chini, amekunywa maji, na watu wa kumshika wako karibu. Ndivyo wanavyofanya huko kwao Chawia tangu zamani. Yule Mwandawiro wa Werugha hawakumfanyia hivyo. Walimpigia simu Arabuni kwamba mama yake amefariki, akarudi kupanda ngazi za mjengo, akaanguka. Wakawa na misiba miwili. Basi Mama akisema, nani atabisha? Wewe mwenyewe uliinamisha kichwa ukakubali, na sijasahau wema huo. Ile safari ya Juba niliitunga mimi.

Sasa nimwambie asinunue la pili? Ataniuliza kwa nini.

Morris yuko vile vile. Nusu sahani, kisha ukuta. Jina la Kimanzi hajalitaja tangu atoke hospitali. Mtu akipiga hodi, huniuliza kwanza kama ni wewe. Nadhani anaogopa macho yako.

Nijibu.
Dinah


Doha, 28 Machi 2025

Shemeji Dinah,

Hukunikataza wala hukunikubalia, kwa hiyo nimenunua. Mzigo analeta Valentine wa Mwatate, anakuja likizo. Mpe chai nzuri, maana ameacha nguo zake nyingine huku ili sanduku litoshe.

Msomee Morris haya.

Mimi nilitaka yale malori yanayokimbia sana. Rey akaniuliza, "Unataka kaka yako aendeshe, au unataka avunje siku ya kwanza?" Nikasema aendeshe. "Basi nunua la polepole." Haya ni ya polepole, yametumika, lakini Rey ameyafungua na kuyakagua yote. Betri nilinunua mwenyewe kwa mtu aliyekuwa anahama, nikijiona mjanja, na plagi yake haikuingia kwenye lori. Rey alicheka hadi akakaa chini. "Lewis, umenunua viatu viwili vya kushoto." Akanibadilishia plagi kwa mikono yake, bila kudai kitu.

Kuwasha: rimoti kwanza, kisha lori. Kuzima: lori kwanza, rimoti mwisho. Ukikosea, lori hukimbia ovyo. Kila rimoti inajua lori lake tu, msizichanganye.

Betri zichajiwe kwa chaja hiyo tu, ndani ya huo mfuko usioshika moto, na mtu awe karibu. Shemeji, usiziache kwenye chaji ukaenda sokoni kuuza kabichi. Betri ikifura, haitumiki tena.

Kinachovunjika kwanza ni mikono inayoshika magurudumu ya mbele. Nimeweka ya akiba, na bisibisi yake.

Rangi nimepaka mimi. Ganda la juu ni plastiki inayopitisha mwanga na hupakwa kwa ndani, ili rangi isikwaruzike lori likipinduka. Kwa hiyo majina niliyaandika kinyumenyume, jasho likinitoka kuliko kwenye mawe. La kijani ni la Morris. La manjano ni la Kimanzi, na jina lake nimeliweka kwenye mlango wa kushoto, upande wake wa kukaa.

Kuna barua yake pia humo, nimeifunga. Mpe mkononi.

Lewis


Doha, 28 Machi 2025

Wewe Kimanzi,

Sikusalimii. Salamu wanapewa watu wanaojibu.

Nilipokuwa naondoka ulinisindikiza hadi stesheni ya Voi, ukabeba sanduku langu kichwani na kutembea kama mama wa soko ili watu wacheke na mimi nisilie. Sasa umepata lori la Juba umekuwa mtu mkubwa. Nilikutumia ujumbe Krismasi. Nikatuma mwaka mpya. Morris alipotolewa hospitali nikatuma tena, nikakuuliza jambo moja tu: siku ile ya ajali aliongea? Ni wewe uliyekuwa naye. Wengine wote wananiambia "anaendelea vizuri" kama watu wanaosoma redio. Wewe hujawahi kunificha kitu. Hata nilipokuuliza kama Lois wa Werugha ananipenda, ulisema hapana, anapenda baiskeli yangu.

Kama nimekukosea, sema. Kama ni kwa sababu nilikwenda nikakuacha, sema hivyo pia. Huku nimechoka, Kimanzi. Nikilala nasikia mawe bado yanagongana. Sina nguvu ya kubahatisha mtu amekasirikia nini.

Lori lako nimelifunga nati kubwa ndani, ni zito kuliko la Morris. Nimefanya kusudi, usimshinde siku za kwanza. Usimwambie. Nenda kwake, mtukane, mtoe nje. Halafu niandikie, hata kama ni kunitukana mimi.

Wako, ukitaka,
Lewis


Voi, 14 Aprili 2025

Shemeji Lewis,

Mzigo umefika salama na Valentine tumempa chai na mahamri. Morris amefurahi sana. La Kimanzi tutampa akirudi. Mvua imeanza vizuri Chawia na Mama anakusalimu, ameshapanda. Sisi sote wazima.

Mungu akubariki.
Dinah


Voi, 14 Aprili 2025

Koki,

Nimemwandikia Lewis uongo mwingine sasa hivi, wino haujakauka. Nakuandikia wewe ili angalau leo niseme na ukweli.

Morris alilifungua sanduku mwenyewe. Akatoa lile la kijani, akazungusha magurudumu kwa kidole gumba, akaniomba bisibisi. Koki, tangu Oktoba mtu huyo hajaniomba kitu ila maji. Nikafurahi nikawa mjinga, nikamtolea na la manjano. Akasoma jina mlangoni.

Akaniuliza, "Lewis hajui?"

Nikasema hajui.

"Hata sasa?"

Nikamweleza maneno ya Mama, na Juba, na yote. Yeye wakati ule alikuwa hospitalini hajitambui, hakuna aliyemwambia tulichokubaliana. Akasema, "Kila Ijumaa nilidhani ananipigia kuniuliza nilivyomuua rafiki yake. Nimemkataa ndugu yangu miezi yote hii, na yeye alikuwa anapiga kunisalimu tu."

Akaweka rimoti juu ya blanketi. "Toa vyote," akasema. Akageukia ukuta.

Barua ya Lewis kwa Kimanzi hii hapa. Sijaifungua. Sina pengine pa kuipeleka ila kwako. Na lile lori la manjano niambie nilifanye nini. Kuna kijana wa duka la simu amesema atalinunua.

Dinah


Bomeni, 22 Aprili 2025

Dada Dinah,

Zimenifikia. Ile ya Lewis niliisoma shambani juu ya rundo la majani ya migomba, na Nzau akaja mbio akidhani nimeumwa na nyoka.

Nitakuambia ukweli na usiniudhikie. Mama aliposema Lewis asiambiwe, sikukubali kwa heshima peke yake. Nilipenda. Kulikuwa na mahali pamoja duniani ambapo Kimanzi bado anatumiwa salamu. Mara nyingine nikikata mikungu najikuta naiwaza ile barabara ya Juba, vumbi lake, na yeye yuko njiani amechelewa tu.

Lakini sasa nimeona tumemfanya nini. Tumemfanya mtu aliyepata kazi akamsahau rafiki yake. Mume wangu alikuwa na makosa yake. Alikunywa. Mwavuli wangu alimpa abiria asiyemjua kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Ila hakuwahi kuacha salamu ya Lewis bila jibu, hata akiwa hana pesa ya simu alikuja kuazima yangu. Tulitaka kumlinda aliye hai, tukamchafua aliyekufa, naye hana mdomo wa kujitetea. Nitamtetea mimi.

Mama nitampitia Chawia nimwambie kwa heshima. Akinikasirikia, atanikasirikia mkwe asiye wake.

Na Morris mwambie asiniogope. Polisi walinieleza siku ile ile kwamba trela lingine ndilo lililohamia upande wa Morris. Sikujua kwamba hajui kuwa ninajua.

Nakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Lori la manjano usiliuze. Ni mali ya mume wangu, nitalichukua mwenyewe.

Koki


Voi, 4 Mei 2025

Shemeji Lewis,

Mimi ni Koki wa Kimanzi. Kaa chini kabla hujaendelea, na kama kuna mtu karibu, mwite.

Kimanzi hayuko Juba, hajawahi kwenda. Alifariki siku ile ya ajali, kwenye kiti chake cha kushoto, kabla gari la wagonjwa halijafika. Tulimzika kwao Mtito. Hukuambiwa kwa sababu watu wazima walikubaliana usiambiwe ukiwa peke yako ugenini, na mimi nilikuwa mmoja wao. Walikusudia mema, mama yako hasa. Lakini umemwandikia mume wangu ukimwuliza amekukasirikia nini, na siwezi kuliacha swali hilo. Hakukukasirikia. Jumbe zako zilitumwa kwa simu iliyovunjika pamoja naye. Asubuhi ya safari ile alikuwa anasema ukirudi mtanunua pikipiki pamoja, naye ndiye atakayeendesha kwa sababu wewe huoni mashimo.

Ulimwuliza kama Morris aliongea. Nimemwuliza Morris. Anasema alikuwa anamwita Kimanzi, basi, alimwita hadi watu wakafika.

Nikueleze nilivyomwuliza, maana Dinah aliandika kwamba hataki kuniona.

Nilifika jana Dinah akiwa sokoni. Sikupiga hodi. Nililitoa lori la manjano nikaenda nalo nyuma ya nyumba, nikaliwasha nisijue linavyowashwa. Likaondoka lenyewe kama kuku aliyekatwa kichwa, likagonga tangi la maji, likapinduka, magurudumu yakawa yanazunguka hewani. Ndani nikasikia sauti.

"Nani huyo amewasha lori kabla ya rimoti?"

Kumbe maagizo yako ameyasoma yote.

Nikasema, "Ni mimi, Koki."

Kisha akasema, "Lizime. Utaunguza mota." Na baadaye kidogo, "Njoo unisogezee hiki kiti."

Nilimsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni. Amekonda, Lewis, usishtuke ukimwona. Hakunitazama. Akaanza, "Koki, lile trela..."

Nikamwambia, "Najua. Polisi walinieleza."

"Najua unajua. Lakini nilitaka uisikie kwangu."

Basi nikakaa kwenye ngazi akanisimulia, tangu walipotoka Mariakani hadi mwisho, na sikumkatiza. Mengine nilikuwa siyajui. Nililia, naye akalia. Alipomaliza, lile lori lilikuwa bado limelala juu chini pale kwenye tangi. Akasema, "Lete na la kijani."

Shemeji, kaka yako anaendesha kama mzee wa kanisa. Nikamwuliza, "Mbona polepole, umebeba mayai?" Akasema, "Nimebeba saruji, nyamaza." Alipinduka kwenye ule mtaro wa maji machafu, akabaki anatazama, hana njia ya kulifikia. Nikaenda nikalisimamisha. Likapinduka tena, nikaenda tena. Baadaye akasema la manjano ni zito, Lewis amefanya ujanja. Tukafungua ganda tukakuta nati yako. Alitaka kuitoa ili mashindano yawe ya haki. Nilimkataza. Nikamwambia ni lori la mume wangu, na kama rafiki yake amelifunga hivyo, litakaa hivyo.

Sijui kama nimefanya vizuri kukuambia kwa barua. Ningekuambia nikiwa nimekushika mkono kama ingewezekana.

Koki

Lewis, mimi ni Morris. Sikuwa nimelala. Nilidhani unanidai Kimanzi. Nisamehe kwa zile Ijumaa.


Doha, 30 Mei 2025

Koki, Morris na Dinah,

Naandika barua moja kwa sababu sina nguvu ya kuandika tatu.

Nilikaa chini kama ulivyosema, Koki. Kisha niliendelea kukaa. Wenzangu wa chumbani, Mnepali na Waganda wawili, waliniona na hawakuniuliza. Mmoja alizima redio. Ilipofika jioni wakataka kujua marehemu anaitwaje, nikawaambia, na Mnepali akalirudia hadi akalisema sawa. Ijumaa sikwenda kiwanjani. Rey alikuja chumbani, akasikia, akatoa kofia, akakaa kwenye ndoo yangu ya kufulia hadi giza likaingia. Wale watu hawakumjua Kimanzi, lakini walinishika.

Nimewakasirikia ninyi nyote. Sitaficha, tumefichana vya kutosha. Mlimzika rafiki yangu na mimi nikawa nacheka huku na wenzangu nikisimulia vituko vyake, vya mtu aliyekwisha kuwa udongoni. Nilimwandikia maneno makali. Nilimwambia salamu zangu hapewi. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake na siwezi kuyafuta, na yangeweza kuwa mengine kama mngenipigia simu Oktoba. Dinah, najua ulibeba mzigo mzito kwa kutumwa. Mama sitamlaumu mbele ya watu. Lakini nyumbani kwangu desturi hiyo imeishia kwangu.

Koki, ahsante kwa kumtetea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kusadiki kuwa yeye ni mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza kuliko yote. Niambie alizikwa upande gani wa shamba la baba yake, na kama kuna kivuli. Niambie alivaa nini. Niambie nani alisema neno kaburini. Andika hata kama ni kirefu, nitakisoma chote, nimebaki nyuma sana.

Morris, sikudai kitu. Najua ulimwita. Mkataba wangu hauishi hadi mwaka ujao, na huko Mtito sitatangulia bila wewe. Tutaona tutakavyokupandisha garini.

Sasa jambo la mwisho, na Dinah uliandike mahali. Mama amezeeka. Siku yake ikifika, nipigieni siku hiyo hiyo, kabla hamjawatuma watu kukodi viti. Msiniambie ni mgonjwa. Msiniambie amelala. Nisubirini tu nitafute mahali pa kukaa, kisha mniambie.

Lewis